Daftari la Ijumaa: namna ya kuhesabu maumivu katika kikundi cha mazoezi

Kila Ijumaa jioni, kabla hatujaukunja wavu, natoa daftari. Ni daftari la shule tu, la mistari, jalada limeshalika kwa chumvi na jasho. Kikundi chetu cha Tudor, hapa Mombasa, ni cha watu wazima wenye shughuli zao: karani wa bandarini, walimu wawili wa msingi, fundi cherehani wa Mji wa Kale, dereva wa matatu. Wengi tunacheza voliboli. Wengine wanakimbia kando ya bahari, Mama Ngina, alfajiri, watatu wana baiskeli, na wawili wanaogelea. Wote nawauliza maswali manne yale yale, wiki baada ya wiki.

Nilianza kwa uchungu. Zamani nikichezea timu, majeruhi waliandikwa pale tu mtu alipokosa mechi. Mimi sikukosa hata moja msimu mzima. Goti la kulia lilikuwa linaniuma chini ya pia, kile kifupa cha mbele ya goti, kila nikiruka, na nyumbani nikishuka ngazi nashika ukuta, lakini kwenye karatasi zao nilikuwa mzima. Msimu uliofuata sikuweza kuruka kabisa.

Jeraha la kuzidisha mazoezi halina siku yake. Mtu akiteguka kifundo, uwanja mzima umeona. Kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, ikivutwa mara elfu moja, au mfupa ukigongwa na kabro, yale matofali ya njiani, kila asubuhi, maumivu, huanza kwa kukakamaa kidogo ukiamka, ukitembea kunapotea, na mtu anaendelea kucheza. Kwa hiyo ukihesabu waliokaa nje, hujawahesabu hawa. Kituo cha Utafiti wa Majeraha ya Michezo cha Oslo, Norway, kilionyesha jambo hili mwaka 2013. Waliwafuata wanamichezo 313 wa michezo mitano kwa wiki 13. Njia ya zamani ilipata majeraha 40 ya aina hii. Walipouliza kila wiki, waliocheza na wasiocheza, walipata matatizo 419. Watu ni wale wale, kilichobadilika ni swali.

Maswali yao ndiyo ninayoyatumia, kwa maneno yetu. Wiki hii umeshiriki bila taabu, umeshiriki kwa taabu, au umeshindwa? Umepunguza mazoezi kwa sababu ya maumivu? Uchezaji wako umeshuka? Na maumivu yenyewe ni kiasi gani? Kila jibu lina alama, kuanzia 0 mpaka 25, na jumla ya juu ni 100. Uliza kiungo kimoja kimoja, kwa jina: goti, bega, kisigino, ugoko. Ukiuliza mwili mzima kwa pamoja, mtu atakumbuka kile kinachomuuma sana tu.

Hapa ndipo penye kazi, na sisi watu wa Mombasa tuna shida yetu. Ukimwuliza mtu hali, atakujibu salama hata kama mguu umefura. Ni adabu, tumelelewa hivyo. Fundi cherehani wetu, muogeleaji, alinijibu wiki nne mfululizo "sina neno, dada." Wiki ya tano nikageuza swali.

"Ami, kuna kitu umeacha kukifanya siku hizi?"

Akafikiri. "Hakuna. Ila kanzu, siku hizi nikiivaa mkono wa kulia nautanguliza. Ukibaki nyuma hauinuki."

Nikamwambia ainue mkono pembeni, polepole. Ulipofika usawa wa bega akauma mdomo, ukapita hapo, maumivu yakapungua. Ndilo bega la waogeleaji: kano zinazolizunguka huchoka kwa kuzungusha mkono maelfu ya mara kwa wiki, na kwake kulikuwa na kazi ya mchana ya kusukuma kitambaa mashineni. Kwa hiyo usiulize "unaumwa?" Uliza umeacha nini, na ngazi, kanzu, choo cha kuchuchumaa na ndoo ya maji zitakujibu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua wenye maumivu ya kiungo fulani wiki hiyo, gawanya kwa idadi ya waliojibu, zidisha kwa 100. Watu 12 wamejibu, watatu goti linawauma: asilimia 25. Ukitaka kulinganisha mchezo na mchezo, hiyo pekee haitoshi, kwa sababu anayekimbia saa sita kwa wiki si sawa na anayecheza saa mbili. Hesabu basi majeraha mapya kwa kila saa 1,000 za mazoezi. Watu 10 wakifanya saa 4 kwa wiki, wiki 25 ni saa 1,000. Wakipata majeraha mapya 6, andika 6. Wakimbiaji 5 wakifanya saa hizo hizo kwa wiki 25, ni saa 500 tu. Wakipata 6 nao, wao ni 12 kwa saa 1,000. Wameumia mara mbili zaidi, ingawa idadi ni moja.

Usishangae namba za michezo zikitofautiana sana. Katika ule ufuatiliaji wa Norway, kila wiki wastani wa asilimia 36 ya wachezaji wa voliboli walikuwa na shida ya goti, na asilimia 22 ya wachezaji wa mpira wa mikono walikuwa na shida ya bega. Waendesha baiskeli wenye shida ya goti walikuwa asilimia 23. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2005, uliwapima wanamichezo 613 wa michezo tisa wakitafuta jeraha moja tu, lile la kano ya chini ya pia ya goti. Voliboli ilikuwa karibu asilimia 45, mpira wa kikapu karibu 32, na baiskeli hakuna hata mmoja. Goti la mwendesha baiskeli nalo linauma, ila si kano ile, maana haruki. Kwa watu wangu mara nyingi ni kiti kilichowekwa chini mno, kwa sababu baiskeli ni ya kuazima.

Ukishapata namba, tafuta kilichobadilika wiki mbili tatu nyuma. Kurasa zangu hujaa zaidi Mfunguo Mosi. Ramadhani watu hucheza kidogo baada ya tarawehe, Idd ikipita wanarudi kwa kishindo kana kwamba hawakupumzika. Siku hizi wiki ya kwanza nawarudisha kwa nusu ya mazoezi, na nusu hiyo nailinda kwa ukali. Ufuo nao una mambo yake. Maji yakipwa mchanga ni mgumu na mzuri, lakini umelala mteremko. Anayekimbia Bamburi mpaka Nyali kisha akarudi na matatu, mguu wa kushoto umekuwa chini njia nzima. Heri arudi kwa miguu, au akimbie nusu ya njia.

Maumivu ya kano hayataki kulala kitandani, yanataka kazi iliyopimwa. Kwa kano ya kisigino, kuna zoezi ambalo daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, alilichapisha mwaka 1998: unasimama kwenye ukingo wa ngazi, unashusha kisigino taratibu, mara 15 kwa mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka, kisha vivyo hivyo likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Kipimo changu ni asubuhi inayofuata: maumivu yakiwa yametulia, endelea. Yakiwa yamepanda, punguza. Kusingwa kwa mafuta kunaburudisha tafu, sikatazi, lakini hakuipi kano nguvu.

Mfupa ni habari nyingine, maana unaweza kuingia ufa. Maumivu yakiwa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja juu ya ugoko, yakizidi ukiruka kwa mguu mmoja, au yakikuamsha usiku, acha kukimbia siku hiyo hiyo na uende hospitali. Usisingwe hapo. Na eksirei ikitoka safi usitulie, maana ufa wa namna hii unaweza usionekane wiki mbili tatu za mwanzo. Mwambie daktari unakimbia kiasi gani, na kama umekuwa ukijinyima chakula.

Daftari likae kwako, na jina la mtu usilisome mbele ya wenzake, la sivyo wiki ijayo wote watakuwa salama. Asiyekuja Ijumaa mpigie simu, kwani mara nyingi huyo ndiye anayeumwa. Asipopokea, andika "hakujibu" na umtoe kwenye hesabu ya wiki hiyo. Usimwandikie 0.