Somo: Maneno ya fidia kazini, yajue kabla hujaumia

Wakuu, habari za kazi. Juzi kijana wa mashine ya kukata bati alinipigia simu akiwa wodini, vidole viwili vimekwenda. Akaniuliza, "Kaka, hiyo bima ya kuumia kazini wananikata kiasi gani kwenye mshahara?" Hawamkati hata senti. Iliniuma, ndiyo maana naweka somo hili. Ni la Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Mchango. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) uliundwa kwa sheria ya 2008, ukaanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukikuta umekatwa kwa ajili ya WCF, hoji. NSSF ni jambo jingine, hiyo ni akiba ya uzeeni.

Hatua ya 2: Ajali na ugonjwa. Ajali hutokea mara moja. Ugonjwa utokanao na kazi huja polepole: kelele za mashine zinaua masikio, vumbi la mgodini linakaa mapafuni. Vyote viwili vina fidia.

Hatua ya 3: Taarifa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza haki. Mwambie msimamizi siku ileile, na uandike. Mwajiri ana siku 7 za kuifikisha taarifa WCF, na dai lenyewe lisipite miezi 12. Ukifika hospitali, mwambie daktari kwamba umeumia kazini na uhakikishe ameandika hivyo. Faili likisema "aliteleza nyumbani", kulibadilisha baadaye ni kazi kubwa.

Hatua ya 4: Ulemavu. Neno hili halina maana ya kiti cha magurudumu tu.

Ulemavu wa muda ni kule kushindwa kufanya kazi wakati unatibiwa. Unalipwa asilimia 70 ya mshahara: wa 400,000 anapata 280,000 kwa mwezi.

Ulemavu wa kudumu ni kile kinachobaki baada ya matibabu, na hupimwa kwa asilimia. Ukipimwa 30 au chini yake, unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Kwa hiyo usisaini tathmini usiyoielewa. Sheria ya zamani ilikuwa na kikomo cha shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, basi. Tumetoka mbali.

Kuna pia matibabu, utengamao (kukusaidia urudi kazini na kujitegemea), malipo ya anayemhudumia mgonjwa, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi.

Maswali ya wanachama

*Mimi kibarua, sina mkataba wa maandishi. Nimo?*
Umo. Tunza ushahidi kwamba ulikuwa kazini: daftari la mahudhurio, meseji za malipo, majina ya wenzako wa zamu.

*Bosi anasema sikuvaa glavu, kwa hiyo sina changu.*
Asikutishe, ndugu yangu. Fidia hii haitafuti nani mzembe. Kinachoweza kukunyima ni utovu mkubwa wa nidhamu uliofanya kwa makusudi, na hata hapo, ukipata ulemavu mkubwa au ukifariki, sheria bado inakulinda wewe na wategemezi wako. Peleka dai.

*Malipo ya ulemavu wa muda yanatolewa hadi lini?*
Hadi upone, na yasizidi miezi 24. Hali ikigoma kurudi, unapimwa ulemavu wa kudumu. Yule kijana wa bati kidonda kikifunga atapimwa, nami nitakwenda naye.