Jinsi ya kutengeneza utando wa polima unaodumu kwenye seli ya fueli ya alkali

Kama ndo unaanza kazi ya tando za alkali naomba nikupe njia niliyopita mimi, na nianze na jambo moja: usianze kwa kuuliza utando wako utapitisha ioni kwa kasi gani, uliza kwanza utaishi muda gani ndani ya alkali ya moto. Kwenye seli hizi, zinazotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, kinachokatiza katikati ni ioni ya haidroksaidi, na haidroksaidi inakula polima usiku na mchana. Faida yake tunaijua, kama kichocheo unaweza kuweka madini ya fedha upande wa oksijeni na nikeli upande wa haidrojeni, badala ya kutegemea platinamu pande zote. Seli za vyombo vya anga vya Apollo zilitumia potasiamu haidroksaidi (KOH) ya majimaji, ila zilipewa oksijeni safi, ukitumia hewa ya kawaida kaboni dioksaidi inatengeneza chumvi inayoziba vitundu vya elektrodi. Kwenye utando wa polima chaji chanya imefungwa kwenye polima yenyewe kwahiyo hiyo chumvi haigandi, na ndo maana watu wanahangaika na hizi tando.

Sasa uti wa polima, yaani mnyororo wake mkuu unaobeba chaji. Wengi tunaanza na polisalfoni au polifenilini oksaidi kwa sababu ni rahisi kupata na zinayeyuka vizuri. Shida ni kwamba zina daraja la oksijeni katikati ya pete za benzini, na ukishaning'iniza chaji chanya hapo karibu haidroksaidi inakuja kukata lile daraja. Utando wangu wa kwanza ulikuwa wa polisalfoni, ulikuwa mzuri kweli, unang'aa, unakunjika bila shida, nikauweka kwenye KOH ya molari 1 kwa nyuzi 80, baada ya wiki moja nikaushika na kibanio ukavunjika vipande kama jani kavu la mgomba. Chaji nyingi bado zilikuwepo, kilichokufa ni uti. Kwahiyo chagua uti usio na oksijeni kabisa, pete kwa pete zimeungana kaboni kwa kaboni.

Kwenye chaji yenyewe, mwaka 2015 watafiti Marino na Kreuer walipima aina nyingi za amoniamu, yaani vikundi vya naitrojeni vyenye chaji chanya, kwenye sodiamu haidroksaidi ya molari 6, nyuzi 160, yaani mateso hasa. Ile ya benzili trimethili ambayo kila mtu alikuwa anaitumia ilibaki nusu ndani ya saa 4 na kidogo, ila ya pete ya piperidini ilienda saa 87 kabla ya kubaki nusu. Sababu ni kwamba ile pete inazinyima haidrojeni za jirani mkao ambao haidroksaidi ingezing'oa kirahisi. Ndo maana siku hizi napendekeza poli-arili-piperidiniamu, familia ambayo kundi la mtafiti Yushan Yan pale Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, liliitangaza mwaka 2019.

Kuipika: chukua terifenili na N-metili-4-piperidoni, yeyusha kwenye dikloromethani, weka kwenye barafu, ongeza asidi ya trifluoroasetiki kisha asidi ya trifuliki tone kwa tone. Fanya ndani ya kabati la kufyonza hewa na glavu zinazofaa, hiyo asidi haina msamaha. Baada ya masaa kadhaa mchanganyiko unakuwa mzito kama ugali mpaka sumaku inagoma kuzunguka, kama una mota ya kukorogea tumia hiyo. Mwaga polepole kwenye maji ya potasiamu kaboneti, itatoa povu jingi halafu polima inaganda kama nyuzinyuzi, osha mpaka asidi iishe, kausha. Kisha unaipa chaji kwa metili ayodaidi ndani ya kiyeyusho cha DMSO, chupa ukiwa umeifunga foili isipate mwanga, na metili ayodaidi ni sumu jamani, usiinuse hata kidogo.

Kumwaga utando ndo pale watu wanaharakisha na kuharibu. Chuja myeyuko kwanza, uache mapovu yatoke, halafu weka kioo bapa utakachomwagia myeyuko kwenye oveni na ukipime kwa pimamaji kama fundi anavyopima tofali, kikiinama kidogo tu upande mmoja utatoka mikroni 20 na mwingine 50 na utapasukia pale pembamba. Nyuzi 80 usiku mzima inatosha. Usiukwangue, loweka kioo kwenye maji, utaachia wenyewe.

Chaji ikae milimoli 2 hadi 2.8 kwa gramu. Ukizidisha unavimba majini mpaka unalegea, kwahiyo pima urefu kwa rula kabla na baada ya kuloweka, na kama unavimba sana mimina polima ndani ya kitambaa chembamba cha PTFE (plastiki ya Tefloni) chenye vitundu.

Kwenye kupima uhai tumia chupa ya plastiki ya polipropilini, kioo kinaliwa na KOH moto na utasoma majibu ya uongo. Nyuzi 80, saa 1000, badilisha KOH kila wiki. Kila ukitoa kipande kirudishe kwenye hali ya kloridi, kiloweke kwenye sodiamu naitreti halafu fanya taitresheni na naitreti ya fedha mpaka rangi ya njano ya kiashiria cha kromati igeuke wekundu wa tofali, hapo utajua chaji ngapi zimebaki. Kivute pia mpaka kikatike, uti unaweza kufa chaji zikiwa hai kama yangu ilivyokuwa.

Ila chupa peke yake haitoshi. Kwenye seli upande wa oksijeni unakula maji, molekuli 2 kwa kila oksijeni moja, wakati upande wa haidrojeni unazalisha 4. Haidroksaidi iliyokosa maji ya kuizunguka inakuwa kali zaidi, mtafiti Dekel na wenzake kule chuo cha Technion, Israeli, wamelionyesha hili vizuri, kwahiyo utando uliovumilia kwenye chupa unaweza kufia upande mkavu. Uendeshe ndani ya seli yenyewe, unyevu pande zote, na usiuhifadhi kwenye hali ya haidroksaidi maana kaboni dioksaidi ya hewani inaigeuza baikaboneti ndani ya dakika chache, uweke kwenye kloridi na uubadilishe siku ile ile unayofunga seli.