Mkate wa Celer: namna ninavyofundisha Roma ya kale kwa watoto wa miaka 12 hadi 14

Miaka yangu ya mwanzo ya ualimu, mada ya Roma nilikuwa naifungua kwa Romulus na Remus, nashuka na orodha ya wafalme, kisha makaisari mmoja baada ya mwingine hadi mwaka 476. Watoto walinakili vizuri. Wiki mbili baadaye ukiwauliza Roma ilikuwa nini, walichobaki nacho ni mbwamwitu aliyenyonyesha mapacha. Kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimewapa majina ya wakubwa bila kuwaonyesha mji ule ulikula nini, ulikunywa nini na mzigo ulibebwa na nani.

Sasa naifundisha kwa vipindi nane vya dakika 40, na swali moja halitoki ubaoni tangu kipindi cha kwanza: kazi hii ilifanywa na nani?

Vifaa

Nusu kilo ya unga wa ngano, kiazi kimoja kikubwa, uzi wa mita 14, vibanio vya nguo, chupa tupu za maji, udongo wa mfinyanzi, karatasi mbili za manila na ramani ya nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania. Ukiwa na simu ya kuonyeshea picha tatu nne, inatosha.

Hatua ya 1: Weka mkate mezani

Kipindi cha kwanza usilitaje jina la Roma. Siku moja kabla, kanda unga, tengeneza mkate wa duara, ukandamize kwa uzi upate vipande vinane kama pande za keki, kisha uuoke hadi uwe mkavu. Chonga muhuri kwenye kiazi na uupige juu ya mkate kabla ya kuoka. Ukiungua kidogo ndio vizuri zaidi.

Wagawe watoto makundi, waushike, waandike maswali matano. Wakimaliza, waonyeshe picha ya mkate halisi uliopatikana Herculaneum. Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 BK ukaifukia miji ya Pompeii na Herculaneum, na mkate huo ukageuka mkaa bila kupoteza umbo. Juu yake kuna muhuri unaosomeka kuwa ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus.

Hapo nyamaza kidogo. Kila mwaka kuna mtoto atakayeuliza: mtumwa anawezaje kuwa na muhuri wenye jina lake? Mwingine atasema ni ili mikate isichanganyike tanurini, mwingine kwamba tajiri alitaka ijulikane mkate umetoka kwake. Usiamue nani amepata. Andika majibu yote ubaoni, na mbele ya kila moja uliza, "Umejuaje?" Mazoea hayo ndiyo yatakayowabeba hadi kipindi cha nane.

Kisha wapeleke Pompeii kwa picha: mawe makubwa ya kuvukia barabara, alama za magurudumu zilizochimbika kwenye mawe, kaunta za maduka ya chakula cha moto zenye mashimo ya mitungi, matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa rangi ukutani, na mawe ya kusagia nafaka yaliyozungushwa na punda au na watu. Mji ule wa kawaida tu ulikuwa na matanuri ya mikate yapatayo 30. Kwa mtoto wa miaka 13, mji wenye mama ntilie na matangazo ya kura ukutani ni mji anaoufahamu.

Hatua ya 2: Tundika uzi wa miaka

Hii isizidi nusu kipindi. Mita 1 ni miaka 200, kwa hiyo mita 14 zinatoka mwaka 753 KK, mwaka ambao Warumi wenyewe waliutaja kuwa wa kuanzishwa kwa mji wao, hadi leo. Banika kadi chache tu: 509 KK ufalme unaondoka na jamhuri inaanza; 146 KK Karthago, mji hasimu wa Roma huko Afrika Kaskazini, inaangamizwa; 27 KK Augusto anakuwa kaisari wa kwanza; 79 BK Vesuvius; 476 BK kaisari wa mwisho wa magharibi anaondolewa; 1453 Konstantinopoli, mji mkuu wa Roma ya mashariki, inatekwa.

Mahali watoto hujikwaa ni KK, kwa sababu namba zinapungua kadiri miaka inavyosonga mbele. Mpe mmoja atembee kando ya uzi akizitaja kwa sauti; miguu inafundisha haraka kuliko maelezo. Na uwaeleze mapema kwamba Julius Caesar hakuwa kaisari. Alikuwa dikteta wa jamhuri iliyokuwa inakufa, akauawa mwaka 44 KK, na jina lake ndilo likawa cheo cha waliomfuata.

Zoezi la nyumbani: kwa nini Septemba ni mwezi wa tisa wakati *septem* kwa Kilatini ni saba? Hesabu ya zamani ya Warumi ilianza Machi. Watarudi wameshagundua Oktoba, Novemba na Desemba wenyewe, na ukiwaongezea kwamba Julai ni Julius na Agosti ni Augusto, kalenda ya darasani haitaonekana tena kama ilivyokuwa.

Hatua ya 3: Wapitishe maji

Vipindi viwili, na usivibane. Kata chupa kwa urefu zipate umbo la mfereji, ziunge kwa udongo. Agizo ni hili: pelekeni maji umbali wa mita 3 bila kumwagika, na mwisho wa mfereji usiwe chini ya mwanzo kwa zaidi ya sentimita 10.

Jaribio la kwanza karibu makundi yote hushindwa. Maji hutuama katikati au huruka nje kwenye kiungo. Waache washindwe. Baada ya dakika 15 wape chupa nyingine iliyojazwa maji nusu, uilaze, na uwaulize fundi ujenzi hutumia nini kujua ukuta umelala sawa. Atatokea wa kusema pimamaji. Warumi nao walikuwa na lao: ubao wa futi 20 wenye miguu, ulioitwa *chorobates*, ukiwa na mfereji mdogo wa maji juu yake.

Wakifaulu, wape hesabu ya Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Mfereji wake ulikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi, lakini tangu chemchemi hadi mjini ulishuka chini ya mita 20. Kwa kipimo hicho mita zao 3 zingeshuka milimita 1 tu. Ndipo uwaonyeshe picha ya Pont du Gard, matao matatu juu ya matao, karibu mita 49 kutoka mtoni. Ukianza na picha watasema "lo!" na kusahau. Ukiiweka mwishoni, mikono ikiwa bado imelowa, wanaitazama kama mafundi. Waambie pia kwamba sehemu kubwa ya mifereji ya Roma ilipita chini ya ardhi; matao yalijengwa pale tu bonde lilipolazimisha.

Sasa rudi kwenye swali la ubaoni. Mfereji wa kwanza wa mji wa Roma, Aqua Appia, ulijengwa mwaka 312 KK. Mwaka 97 BK Frontinus alipewa usimamizi wa maji ya mji mzima, akaandika kila alichokikuta. Analalamika kwamba mabomba yalitobolewa kwa siri chini ya barabara na maji kuuzwa kinyemela. Hapa watoto watacheka, maana wengine wameliona jambo hilo mtaani kwao. Frontinus huyohuyo anaandika kwamba matunzo ya mifereji yalifanywa na makundi mawili ya watumwa: 240 wa umma na 460 wa kaisari. Waandike ubaoni: 700. Ni idadi ambayo vitabu vya shule huiacha, na mimi naamini haifai kuachwa.

Hatua ya 4: Pigeni kura kama Warumi

Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Watoto huambiwa kwamba jamhuri ya Roma iliwapa wananchi kura. Ni kweli, lakini waache waione ilivyohesabiwa.

Kata kadi za manila na uzigawe kwa kubahatisha. Darasa langu lina watoto 42, nawagawa hivi: wapanda farasi, watoto 3, kura 18; tabaka la kwanza lenye mali nyingi, watoto 5, kura 80; tabaka la pili, la tatu na la nne, watoto 4 kila moja, kura 20 kila moja; tabaka la tano, watoto 5, kura 30; mafundi na wapiga baragumu, watoto 2, kura 4; wasio na mali, watoto 15, kura 1. Jumla ni kura 193, idadi halisi ya vikundi vya kura, *centuriae*, katika bunge lililochagua makonsuli, wakuu wawili wa jamhuri. Nimerahisisha jambo moja: kila kikundi kilikuwa na uamuzi wake, lakini darasani kila tabaka linaamua kwa wingi wa watu wake na kura zake zote zinakwenda upande mmoja.

Weka wagombea wawili. Mmoja anaahidi kupunguza madeni, mwingine anasema anayedaiwa alipe chote. Wape matajiri karatasi inayoeleza kwamba wao ndio wanaodai. Karani asimame ubaoni na kura ziitwe kuanzia juu, kama ilivyokuwa Roma.

Wapanda farasi 18, tabaka la kwanza 80, jumla 98. Zaidi ya nusu. Mwambie karani afunge hesabu.

Watoto 34 hawakuitwa kabisa. Kelele zitakazofuata ni somo lenyewe, usizizime haraka. Waulize wale 15 wasio na mali: mnaweza kufanya nini? Mwaka mmoja darasa langu lilibishana, kisha msichana mmoja akachukua begi lake akatoka, na wenzake wote 14 wakamfuata hadi chini ya mwembe. Hapo nilipata nafasi ya kuwasimulia mwaka 494 KK: kwa mapokeo ya Warumi wenyewe, watu wa chini waliolemewa na madeni waliuacha mji wakaenda kukaa kwenye Mlima Mtakatifu, hadi wakapewa matribuni, viongozi wao wenye mamlaka ya kuzuia uamuzi wa wakubwa. Wakirudi darasani, waambie pia kwamba wanawake hawakupiga kura katika tabaka lolote, na Celer hakuwa hata na kadi.

Hatua ya 5: Utumwa, bila maigizo

Nakuomba mwalimu mwenzangu: usiigize mnada wa watumwa, wala usimfanye mtoto yeyote mtumwa hata kwa dakika tano. Niliwahi kuona zoezi la namna hiyo. Mtoto aliyesimamishwa mbele hakuinua uso hadi kengele ilipolia, na hakuna aliyejifunza chochote.

Tumia ushahidi. Kwa nini mtu alikuwa mtumwa Roma? Wengi walitekwa vitani, wengine walizaliwa na mama mtumwa. Rangi ya ngozi haikuwa kigezo: walikuwemo Wagalia, Wagiriki, Wasiria, watu wa Thrakia. Baadhi walipewa uhuru na kuwa raia. Wengi walikufa migodini na mashambani. Spartacus, mtumwa aliyefunzwa kupigana uwanjani mbele ya watazamaji, alitoroka mji wa Capua mwaka 73 KK na jeshi lake likapigana hadi 71 KK. Baada ya kushindwa, wafuasi 6,000 waliotekwa walisulubiwa kando ya barabara ya Via Appia kutoka Capua hadi Roma. Sema hivyo, kwa sauti ya kawaida, bila picha. Watoto wa pwani, ambao wamefika Bagamoyo au kuliona soko la Mkunazini Unguja, watalinganisha wenyewe. Wasikilize, wasaidie kutaja kinachofanana na kisichofanana.

Hatua ya 6: Afrika haikuwa mbali

Jina la bara letu Warumi walilitumia kwa jimbo lao la Karthago, Tunisia ya leo. Kaisari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, Libya, mwaka 145 BK, akafia York, Uingereza, mwaka 211. Waoneshe miji hiyo miwili kwenye ramani, wavute uzi kati yake.

Kisha kichwa cha shaba cha Augusto. Askari wa Kushi, ufalme wa kusini mwa Misri, walivamia mpaka wa Misri wakati wa vita vyao na Roma, miaka ya 20 KK, na mwaka 1910 kichwa hicho kilichimbuliwa Meroë, mji wa Wakushi huko Sudan, kikiwa kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, mahali ambapo kila aingiaye angekikanyaga. Darasani kwangu picha hii hushangiliwa.

Malizia na pwani yetu. Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja kutoka Misri, iliyokuwa chini ya Roma, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari uitwao Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anaitaja pwani ya Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka pwani ya Tanzania ingawa mahali penyewe hapajathibitishwa. Pembe za ndovu na magamba ya kasa yalitoka huko. Mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo vikaingia. Anasema jina Rhapta linatokana na vyombo vya kushonwa, na anayejua mtepe, uliofungwa kwa kamba za makumbi, ataelewa mara moja. Anawataja pia manahodha wa Kiarabu waliooa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Banika kadi ya Rhapta kwenye uzi, karibu kabisa na Vesuvius.

Hatua ya 7: Upimaji

Simpi mtoto orodha ya makaisari. Nampa kitu kimoja, kwa kuchora au kwa picha: bomba la madini ya risasi, jiwe la kusagia, kadi ya kura, pembe ya ndovu. Aandike ukurasa mmoja: ni nini, kilifanya kazi gani, kazi ilifanywa na nani, na kila sentensi ya tatu au ya nne itaje amejuaje. Alama 20, kati ya hizo 8 ni za "umejuaje". Aliyekisia na kusema wazi kuwa anakisia hapotezi alama. Aliyekisia akaandika kana kwamba alikuwepo, namrudishia karatasi ikiwa na neno moja, "Umejuaje?", kwa wino mwekundu, na ana siku tatu za kuirudisha.