Funga kamba za viatu hivi kabla ya kuteremka Mweka
Wenzangu tunaokimbia kuchangia ada za watoto: kutoka Mweka kurudi Moshi mjini, mteremko ndio unaoua kucha, maana kila hatua mguu unateleza mbele na vidole vinagonga kiatu. Simama kidogo huko juu. Kila kamba iingize kwenye lile tundu la mwisho karibu na kifundo cha mguu (wengi hatuligusi kabisa), upande uleule, ibaki kitanzi kidogo. Pitisha ncha ya kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, funga. Kisigino kinatulia nyuma, vidole vinapumua. Ukihisi ganzi juu ya mguu, legeza. Ila kiatu kikiwa kidogo, kamba haitakusaidia, tafuta saizi kubwa zaidi.