Kusaka kumbukumbu inayovuja katika Lua iliyopachikwa ndani ya programu ya C

Programu ya C iliyopachikwa Lua (lugha ndogo ya skripti) inapoanza kula kumbukumbu siku hadi siku, wengi wetu hukimbilia Valgrind (zana ya kutafuta kumbukumbu inayovuja), na mara nyingi Valgrind hutujibu kwamba hakuna kilichopotea. Jibu hilo ni la kweli, ila halisaidii, kwa sababu `lua_close` huachilia kila kitu programu inapozimwa, hata vile vilivyokuwa vimeshikiliwa bure kwa wiki nzima.

Kwa hiyo anza kwa kupima ndani ya Lua yenyewe. Kila kazi moja inapokamilika, ita `collectgarbage()`, inayokusanya takataka za kumbukumbu, mara mbili, kisha uandike kwenye logi thamani ya `collectgarbage("count")`, ambayo hutolewa kwa kilobaiti. Mara mbili si ushirikina: kitu chenye `__gc` (funksheni inayoitwa kitu kinapotupwa) hufufuliwa kwanza ili kimalizie kazi yake, na nafasi yake huachiliwa katika mzunguko unaofuata.

Ikiwa namba hiyo imetulia huku kumbukumbu ya programu nzima ikipanda, shuku upande wa C, hasa userdata ndogo (kipande cha data ya C kinachotunzwa na Lua) iliyobeba pointa ya bafa kubwa iliyoombwa kwa `malloc` na ambayo haina `__gc` ya kuiachilia. Lua huhesabu baiti chache za userdata tu, haijui mzigo ulio nyuma yake. Hapo ndipo Valgrind hufaa.

Ikiwa namba yenyewe inapanda, kuna mtu ameshikilia kitu. Kagua kwanza majedwali ya jumla (global) yanayotumika kama akiba, kisha uende kwenye rejista (jedwali ambamo msimbo wa C huhifadhi vitu vya Lua), ambako mimi hukuta kosa mara nyingi zaidi:

```
for k, v in pairs(debug.getregistry()) do
  if type(k) == "number" and type(v) == "function" then
    local d = debug.getinfo(v, "S")
    print(k, d.short_src, d.linedefined)
  end
end
```

Katika programu moja niliyoitunza, orodha hiyo ilirudia mstari uleule wa skripti mara elfu kadhaa: kila ujumbe ulioingia ulisajili funksheni yake ya kuitwa baadaye kwa `luaL_ref` (huweka kitu kwenye rejista na kukipa namba), na kila funksheni ilivuta nyuma yake jedwali zima la ujumbe huo.

Cha kushangaza, `luaL_unref`, inayokitoa kitu hicho kwenye rejista, ilikuwepo. Ilikaa mstari mmoja chini ya `lua_call` (huita funksheni ya Lua bila kudaka makosa), na kwa kuwa Lua iliyojengwa kwa C hurusha makosa kwa `longjmp` (huruka moja kwa moja hadi mahali pengine), kila skripti iliyokosea iliuruka mstari huo. Tulibadilisha ikawa `lua_pcall`, inayodaka makosa, tukaiita `luaL_unref` kwanza kabla ya kukagua matokeo, na rejista ikabaki na funksheni za kazi zilizokuwa bado zinaendelea tu.