Mnataka mchoro wa ukutani mtaani kwenu? Anzeni na ukuta, msanii atakuja baadaye

Miji mingi siku hizi ina taasisi ya sanaa ya umma, iwe ya manispaa au shirika tu, kazi yake ni kupeleka michoro na sanamu mitaani kwa watu. Hela mara nyingi zinatoka kwenye ile sheria ya asilimia ya sanaa, yaani jengo la umma likijengwa, sehemu ya gharama, kawaida kama asilimia 1 hivi, inatengwa kwa ajili ya sanaa. Kwa Marekani mji wa Philadelphia ndio ulitangulia, 1959, na hapohapo Philadelphia mwaka 1984 ukaanza mradi unaoitwa sasa Mural Arts, mwanzoni ulikuwa chini ya kampeni ya kupambana na grafiti, vijana waliokuwa wanaandika ovyo kwenye kuta wakapewa brashi na kazi, leo wameshatoa michoro zaidi ya 4,000.

Sasa nyie mnaingiaje? Wengi wanaenda ofisini na msanii wao tayari, picha iko kwenye simu, halafu wanashangaa wanazungushwa. Taasisi nyingi msanii wanamtafuta wenyewe kwa kutangaza kazi. Kwenu wanataka vitu viwili tu, ukuta na watu.

Ukuta kwanza. Pitisha kiganja, kikitoka na vumbi jeupe kama chaki ujue rangi ya zamani imekufa na hapo lazima pakwanguliwe na kupigwa praima, yaani rangi ya msingi inayoshikisha rangi za juu. Bandika kipande cha plastiki kwa utepe wa gundi pande zote nne ukiache usiku kucha, asubuhi ukikuta matone kwa ndani basi ukuta una unyevu, na ukuta wenye unyevu unabambua rangi hata ununue ya bei gani. Ukiona chumvichumvi nyeupe inatoka kwenye matofali, tafuteni kwanza maji yanaingilia wapi. Plasta mpya isubiri kama siku 28 hivi. Angalieni na jua, ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa rangi nyingi za bei poa, hasa nyekundu na njano, zinapauka mapema, kwa hiyo msanii aambiwe kabla hajachagua rangi. Na kile kiwanja kitupu cha pembeni ni cha nani?? Akijenga ghorofa mchoro wenu umefunikwa, basi tena. Mkimaliza hayo mwenye jengo aandike barua na kusaini, ahadi ya mdomo hapa haina kazi.

Halafu watu, na hapa ndipo msiharakishe. New York mwaka 1981 waliweka ukuta wa chuma wa mchongaji Richard Serra, kazi iitwayo Tilted Arc, urefu kama mita 36, katikati ya uwanja ambao wafanyakazi wa ofisi za serikali walikuwa wanaukatiza kila siku. Walalamikaji wakawa wengi, kukawa na kikao cha kusikiliza maoni 1985, kesi juu ya kesi, na 1989 ukuta huo ukakatwa vipande ukaondolewa. Mimi binafsi sidhani kama ilikuwa kazi mbaya, ila wanaopita pale kila siku hawakushirikishwa inavyotakiwa.

Kwenye kikao msiulize "mnataka picha gani", mtaishia na njiwa wa amani na mikono imeshikana, kila mtaa unachora hayo. Ulizeni hapa palikuwa na nini zamani, nani anakumbukwa, njia gani watoto wanapita, na mtu mmoja aandike majibu vilevile yalivyosemwa ili msanii ayasome. Wale wanaopinga waiteni kwanza, tena kabla skechi, yaani mchoro wa awali wa karatasi, haijatoka, maana ikishatoka wanajiona wameletewa jambo lililokwisha.

Ombeni pia taasisi itumie njia ya kitambaa. Mchoro unagawanywa vipande vya kitambaa chepesi kisichofumwa, kila sehemu ina mistari na namba ya rangi yake, watu wanapaka wakiwa ndani mezani, hata bibi asiyeweza kupanda jukwaa la mafundi anapata kipande chake, kisha mafundi wanavibandika ukutani kwa jeli ya akriliki inayoshika kama gundi. Mkifika hapo mtaa mzima una mkono wake pale juu, na mvua ikinyesha kazi haisimami.

Mkataba sasa, someni hadi herufi ndogo. Mchoro utakaa miaka mingapi, nani anatengeneza ukiharibika, haki ya picha ni ya nani, mwenye jengo akitaka kuufuta anatoa taarifa mapema kiasi gani. Pale 5Pointz, New York, jengo lililojaa michoro ya grafiti, mwenye jengo alipaka rangi nyeupe juu ya michoro 2013, na 2018 mahakama ikaamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75, kwa sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda kazi za wasanii. Kwenu sheria inaweza kuwa tofauti kabisa, kwa hiyo yaandikeni yote kwenye karatasi.

Siku ya mwisho kabla jukwaa halijashushwa mwambieni msanii aache orodha ya rangi zote, kampuni na namba, pamoja na kopo dogo la kila moja limefungwa vizuri, na mjue ni nani mtaani anakaa nazo.