Fildi kwenye kikundi cha maigizo: kazi ya msaidizi wa meneja wa jukwaa

Mwanafunzi anayekwenda fildi kwenye kikundi kidogo cha maigizo mara nyingi huomba "kujifunza kila kitu", kisha huishia kubeba spika na kukata tiketi mlangoni. Omba kazi moja yenye jina: msaidizi wa meneja wa jukwaa. Kazi hiyo inakupitisha kwenye mazoezi, taa, maleba (mavazi ya waigizaji) na vifaa, na vikundi vingi vya miji midogo havina mtu wa kuishika.

Tuchukue Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilianza mwaka 1981 na leo kinaitwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo). Wapo wahitimu waliobaki mjini wakaunda vikundi vyao. Kikundi cha aina hiyo huenda kisiwe na ofisi: kiongozi ndiye mwongozaji, ndiye mtunza fedha. Barua ya chuo ipeleke kwa mkono, nakala mbili, moja irudi na sahihi. Uliza mapema nani atasaini kitabu chako cha fildi, kama chakula na nauli ni juu yako, na kama kuna onyesho ndani ya wiki zako. La mwisho ndilo zito. Mazoezi bila onyesho yatakupa nusu ya kazi.

Wiki ya kwanza tengeneza kitabu cha jukwaa, yaani mswada wa igizo wenye michoro na ishara zote za onyesho. Chapisha mswada upande mmoja tu wa karatasi, toboa, weka kwenye faili. Ukurasa mtupu wa kushoto ni wa michoro: chora jukwaa likitazamwa kutoka juu, onyesha kila mwigizaji anatoka wapi na anasimama wapi. Tumia penseli, kwa sababu mwongozaji atabadilisha. Kulia na kushoto ni kwa mwigizaji aliyeelekea hadhira. Anayeandika kwa jicho la mtazamaji hugeuza igizo zima, na kosa huonekana siku mtu anapoingia kupitia upande ambao meza haipo. Usiandike "anasogea pale". Andika "anavuka hadi kwenye kinu, anakaa".

Ishara, yaani pale taa au sauti inapotakiwa kubadilika, zipe namba: za taa T1, T2, T3; za sauti S1, S2. Kila ishara iandikwe mara mbili: "tayari" nusu ukurasa kabla, na "nenda" mkabala na neno lenyewe la kuanzia. Bila "tayari", fundi wa taa hukutwa mkono wake uko mbali na swichi, na giza linachelewa wakati mwigizaji ameshakufa na anahitaji kuinuka. Ishara mpya ikiingizwa katikati iite T4a. Ukianza kuhesabu upya, fundi atabaki na namba za zamani.

Kama mazoezi ni uwanjani, nenda kwanza ukapime jukwaa lenyewe kwa futi kamba: upana, kina, milango, nguzo. Chora vipimo hivyo mchangani kwa vigingi na kamba ya katani. Ili kona iwe mraba, pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha hakikisha mshazari unatoka mita 5 kamili. Waigizaji waliozoea hatua saba wakikuta jukwaa la hatua nne watagongana kwenye ngoma ya kwanza tu.

Umeme ndio sehemu isiyosamehe. Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba takriban wati 2,990. Taa mbili za zamani za wati 1,000 zinatosha hapo. Ya tatu, pamoja na spika, inavuka. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjuliwe yote hata kama taa iko mita 3 tu, maana waya uliokunjwa haupoi, na plastiki yake huyeyuka. Jenereta ya kVA 5 hutoa takriban wati 4,000. Ipe 3,000 tu, na ikae nje mbali na watu, upande ambao upepo hauleti moshi ukumbini. Mafuta hayaongezwi ikiwa inawaka au bado ina moto. Kila taa inayoning'inia iwe na mnyororo wa pili, kwa sababu upepo wa chumvi wa pwani hula boliti. Balbu ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu: mafuta ya ngozi hufanya sehemu moja ya kioo ipate joto kupita kiasi, na inaweza kupasuka. Kufungua na kufunga nyaya mwachie fundi. Kazi yako ni kujumlisha wati na kusema hapana.

Meza ya vifaa itandike karatasi nyeupe, chora umbo la kila kifaa na uandike jina lake. Sehemu tupu inajieleza yenyewe. Ikague kabla milango haijafunguliwa, na tena baada ya onyesho. Vilivyoazimwa majirani (kinu, ungo, taa ya chemli) viandike na jina la mwenyewe, virudishwe kesho yake asubuhi.

Saa ya kuanza ipange kwa kuangalia adhana. Kati ya Julai na Septemba isha hapa huadhiniwa karibu saa 1:30 usiku, kwa hiyo onyesho la saa 1 litakatwa katikati na sehemu ya hadhira itainuka. Saa 2:15 inafaa zaidi. Hesabu kurudi nyuma: saa 10 alasiri taa na sauti zijaribiwe, saa 11 waigizaji wapite ishara tu bila maneno yote, saa 1:40 uwatangazie waigizaji kwamba wamebakiwa na nusu saa na ushee.

Kitabu cha fildi kijaze siku ileile. "Nilisaidia mazoezi" haimwambii msimamizi chochote. "Sehemu ya pili dakika 14; imepungua dakika 2 baada ya kukatwa wimbo" inamwambia. Sahihi ichukue kila Ijumaa, maana kiongozi husafiri. Wiki ya mwisho kitabu cha jukwaa kiachie kikundi. Kwa ripoti yako toa nakala ya kurasa chache, baada ya kumwomba ruhusa mwandishi wa igizo.